Umepona saratani na unataka mtoto: hatari iko wapi hasa?

MkungaWaBara ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mkunga kwa kazi, na pia nilitibiwa saratani ya titi kabla sijafikisha miaka 35. Swali hili nimelisikia nikiwa nimevaa sare, na nimelibeba mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa: dripu za dawa ya saratani (kemotherapi) zimeisha, nywele zimeota, hedhi imerudi, moyo unataka mtoto. Je, nikishika mimba ugonjwa utaamka?

Niseme kwanza ninachoamini, kisha tujadiliane. Hofu yetu kubwa tumeielekeza mahali ambapo hatari imeonekana kuwa ndogo, na penye hatari ya kweli hatupatazami. Tunaogopa mimba kuamsha saratani. Ni wachache wanaouliza moyo uko katika hali gani baada ya ile dripu nyekundu, au kizazi kiko vipi baada ya mionzi ya nyonga. Na wapo dada zetu wanaoacha vidonge vyao vya saratani kimyakimya, daktari hajui, wakati mwingine hata mume hajui. Hao ndio wananinyima usingizi.

Nianze na titi maana ndilo ninalolijua vizuri. Saratani nyingi za titi zina vipokezi vya homoni, yaani chembe zake hustawi kwa estrojeni, homoni ya kike, na mimba hupandisha estrojeni sana. Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili hofu inakuja yenyewe, na kwa miaka mingi hata madaktari walikuwa wakiwakataza wanawake kuzaa. Lakini tafiti zilipowafuatilia waliozaa, hazikuwaona wakirudiwa au kufariki zaidi ya wenzao wasiozaa. Wapo waliopinga, na hoja yao ilikuwa nzito: anayethubutu kushika mimba mara nyingi ni yule ambaye tayari hali yake ni nzuri. Ndiyo maana watafiti wakaanza kumlinganisha aliyezaa na mwenzake ambaye kufikia muda uleule naye alikuwa hajarudiwa na ugonjwa. Jibu halikugeuka.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao POSITIVE, uliofanyika katika nchi 20. Waliingia wanawake zaidi ya 500, wote wa miaka 42 au chini ya hapo, wenye saratani ya titi ya vipokezi vya homoni ambayo haijasambaa mwilini. Walisimamisha dawa za homoni, yaani zile zinazozuia homoni isiilishe saratani, kwa hadi miaka 2 ili watafute mtoto. Ndani ya miaka 3, waliorudiwa walikuwa asilimia 8.9. Kundi la kulinganishwa nao, ambao hawakusimamisha dawa, lilikuwa asilimia 9.2. Watoto zaidi ya 350 walizaliwa.

Sasa tazameni masharti yake, maana watu husoma kichwa cha habari wakakimbilia chumbani. Wanawake wale walikuwa wameshameza dawa kwa miezi 18 hadi 30 kabla ya kusimama. Walikaa miezi 3 bila dawa kabla ya kujaribu, kwa sababu tamoksifeni, mojawapo ya dawa hizo, hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumharibu mtoto tumboni. Baada ya kuzaa walitakiwa kurudi kwenye dawa. Na miaka 3 si mingi kwa ugonjwa huu, kwani aina ya homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo bado wanafuatiliwa. Hayo ndiyo yaliyonipa ujasiri mimi na mume wangu kumwambia daktari wetu tunataka kujaribu. Tuko kwenye kipindi cha kusubiri dawa itoke mwilini.

Kwa wale waliopewa Herceptin, dawa nyingine ya saratani ya titi, jina la kitaalamu trastuzumabu: dawa hiyo hupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na mapafu na figo zake hushindwa kukua vizuri. Inatakiwa miezi 7 ipite tangu dozi ya mwisho kabla ya kushika mimba.

Kuhusu muda wa kusubiri kwa jumla, wengi huambiwa miaka 2. Sababu yake si kwamba mwili unakuwa mpya siku ya 730. Ni kwamba kwa aina nyingi za saratani, hasa zile kali, ugonjwa ukitaka kurudi hurudi mapema. Hakuna anayetamani kuanza dripu upya akiwa na mimba changa. Mwenye miaka 39 na mwenye miaka 27 hawawezi kupewa jibu moja hapo, na daktari anayewapa jibu moja aulizwe tena.

Nije kwenye moyo, na hapa naomba mnisikilize. Ile dripu nyekundu, doksorubisini, na ndugu zake, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mionzi ya kifua, hasa upande wa kushoto, huongeza mzigo. Mtu anaishi vizuri kabisa, analima, anabeba ndoo. Kisha anashika mimba, na damu yake inaongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Moyo uliokuwa unamudu maisha ya kawaida unaanza kuelemewa, hasa kuanzia miezi mitatu ya mwisho, wakati wa uchungu, na saa za kwanza baada ya kujifungua, damu inaporudi kwa wingi kutoka kwenye kizazi. Anakuja kliniki anasema anakosa pumzi, anajibiwa kwamba mimba ndivyo zilivyo. Kama hujamwambia mkunga kwamba ulipata dripu, hatajua kwamba kwako wewe si hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kujaribu, omba kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Hakina mionzi, hakiumi. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na hospitali kubwa za rufaa nazo zinakifanya. Na kabla hata ya eko, nenda ulikotibiwa ukaombe muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi: majina ya dawa, jumla ya dozi ya ile nyekundu, mionzi ilielekezwa wapi na kwa kiasi gani. Bila karatasi hiyo, kila mtu atakayekushauri, mimi nikiwemo, anabahatisha.

Karibuni.

Nasra_Mvita ameandika:

Dadangu shukran sana. Mie niko Mombasa, nilitolewa titi, vipokezi vya homoni vipo. Daktari kaniambia nisubiri, lakini hakuniambia nisubiri kwa njia gani. Nimekuwa nikidungwa ile sindano ya miezi mitatu. Sasa nikisoma haya naingiwa na wasiwasi.

MkungaWaBara ameandika:

Nasra mpenzi, rudi kwa waliokudunga sindano hiyo wiki hii. Aliyewahi kuugua saratani ya titi hashauriwi kutumia uzazi wa mpango wenye homoni: sindano, kijiti, vidonge, na hata kitanzi chenye homoni. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, si maoni yangu. Kinachopendekezwa ni kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni yoyote, kinakaa miaka mingi, na siku ukitaka mtoto kinatolewa. Kondomu pia, ila inataka nidhamu ya watu wawili. Sindano unazokwisha kupigwa zisikunyime usingizi, la muhimu ni kubadilisha sasa. Na ukienda kituo cha afya cha kawaida taja titi kabla hujaulizwa. Kovu liko chini ya nguo, muuguzi wa dirisha la uzazi wa mpango halioni.

Nasra_Mvita ameandika:

Nimefahamu. Naenda kesho inshallah.

BabaPacha_Mwz ameandika:

Mkunga, hongera kwa uzi. Swali langu ni la mke wangu. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alivimba taya, akatibiwa kwa dripu, akapona. Kwenye cheti wameandika limfoma ya Burkitt. Sasa tuna mwaka mmoja wa ndoa na wazazi wake wanatuambia tusithubutu. Wanasema alinusurika mara moja, inatosha.

MkungaWaBara ameandika:

Shemeji, ugonjwa huo ni wa kwetu kabisa. Aliyeuelezea kwa maandishi ya kitabibu ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, mwaka 1958, baada ya kuona watoto wengi wa ukanda wetu wakivimba mataya. Ni moja ya saratani za kwanza kuonekana zikiyeyuka kwa dawa peke yake. Kwa hiyo Kanda ya Ziwa leo kuna wanawake na wanaume wazima waliopona wakiwa wadogo, na hawajui wamuulize nani swali lako.

Aliyepona utotoni na kupita miaka mingi namna hiyo, uwezekano wa Burkitt kurudi kwa sababu ya mimba haumo kwenye mambo yanayowasumbua madaktari. Mayai ya mtoto wa miaka saba pia huvumilia dripu kuliko ya mwanamke wa miaka 35. Lakini dawa kama siklofosfamidi hupunguza akiba ya mayai, na baadhi ya waliotibiwa wadogo hufunga hedhi mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo ushauri wa wakwe wa "subirini" unaweza kuwaumiza ninyi. Tafuteni faili lake. Kama lina doksorubisini, eko kwanza. Kama halina, na hedhi yake inakwenda vizuri, muoneni daktari wa wanawake mpange. Wazee wana upendo, waliuguza mtoto wakaona kaburi liko wazi. Waendeeni na majibu ya kipimo mkononi, msiende na ubishi.

KahawaNaKashata ameandika:

Mimi nitasema ambacho wengi mnaogopa kusema. Mungu amekurudishia uhai, kwa nini uuweke rehani? Watoto yatima wamejaa. Chukua mmoja ulee.

MkungaWaBara ameandika:

Ndugu yangu, kulea ni jambo jema na wapo waliolichagua wakiwa na furaha. Kuamua kutozaa baada ya saratani nako ni uamuzi wa heshima, na mwanamke asisakamwe ukweni kwa sababu hiyo. Lakini lisigeuzwe amri kwa kila aliyeugua. Mwanamke ambaye vipimo vyake ni vizuri na muda umepita, ukimwambia anauweka uhai rehani, unamwambia jambo ambalo ushahidi hauonyeshi. Na nimeona matokeo yake: anayeogopa kusemwa anatafuta mtoto kwa siri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu atazaa, ila bila eko, bila daktari wa saratani kujua, na dawa zikiwa bado mwilini. Tukimwachia nafasi ya kuuliza hadharani tutamlinda zaidi kuliko kumkataza.

BintiSengerema ameandika:

Naomba nijitokeze. Mimi ilikuwa mimba zabibu, ile ambayo kondo huota vibaya badala ya mtoto kukua. Walisafisha, baadaye damu ikaendelea, wakasema imegeuka saratani ya kondo, nikachomwa sindano za methotreksati nikapona. Mama mkwe kila siku ananiuliza nimekaa nafanya nini, eti nizibe pengo. Daktari kasema mwaka mzima. Kwa nini mwaka, na kipimo kinasoma sifuri tayari?

MkungaWaBara ameandika:

Pole sana mdogo wangu, ulipoteza mimba na kuugua kwa mpigo mmoja, na watu wengi hawaoni kwamba hiyo ni misiba miwili.

Kipimo wanachokufuata nacho kinapima homoni ya ujauzito kwenye damu. Saratani yako inatoa homoni hiyohiyo. Maana yake ukishika mimba sasa, homoni itapanda, na hakuna atakayeweza kusema kama ni mtoto au ni ugonjwa umerudi. Mwaka mmoja baada ya dozi ya mwisho ndio kipindi ambacho ugonjwa huu ukitaka kurudi hurudi, kwa hiyo wanataka uwanja uwe safi ili wauone mapema. Methotreksati pia ni sumu kwa mtoto, hupigana na foliki asidi anayoihitaji tangu wiki za kwanza kabisa.

Habari njema: hii ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kuliko zote, hata zikiwa zimesambaa, na wengi wa waliopona kwa dawa huzaa watoto wazima. Uwezekano wa kupata mimba zabibu nyingine upo, karibu mmoja kati ya 100. Ukishika, fanya ultrasaundi mapema, usisubiri mwezi wa tano, na baada ya kujifungua urudie kile kipimo cha damu ndani ya wiki chache. Kwa uzazi wa mpango wewe uko tofauti na Nasra, kwako njia za homoni hazikatazwi baada ya kipimo kushuka. Na kama mumeo ni msikivu, yeye ndiye aende kwa mama yake. Jambo hili halifai libebwe na wewe.

Msafiri_Iringa ameandika:

Na sisi wanaume? Nilitolewa korodani moja, nikapata dripu. Nasikia mbegu zinaharibika.

MkungaWaBara ameandika:

Mkuu, korodani moja inatosha kuzalisha. Dripu hupunguza mbegu au kuzimaliza kwa muda, na kwa wengi hurudi, japo inaweza kuchukua miaka. Mbegu hutengenezwa kwa takriban miezi 3, kwa hiyo zile zilizokuwa zinaandaliwa wakati wa dripu lazima zipite. Tumia kondomu, wengi huambiwa wasubiri angalau mwaka. Kisha pima mbegu, kipimo si cha gharama kubwa na kitamwepusha mkeo kuitwa mgumba bure.

Mpendwa_Dom ameandika:

Nimesoma yote nikitafuta ya kwangu. Saratani ya shingo ya kizazi, nilipata mionzi ya nje na ya ndani. Nina miaka 33. Hakuna aliyewahi kuniambia moja kwa moja.

MkungaWaBara ameandika:

Mpendwa, ulipaswa kuambiwa kabla ya mionzi kuanza, na ninasikitika kwamba unalisoma hapa. Mionzi ya dozi ile, ya nje na ya ndani, huyamaliza mayai na huufanya ukuta wa kizazi ushindwe kubeba mimba. Kuzaa kwa tumbo lako mwenyewe hakutawezekana. Ilibidi itolewe dozi hiyo kwa sababu ndiyo inayoua ugonjwa huo.

Nakuomba mambo mawili. Kwa umri wako mayai yakizimika, mifupa na moyo hukosa estrojeni mapema mno, kwa hiyo muulize daktari kuhusu tiba ya homoni. Kwa saratani nyingi za shingo ya kizazi hairuhusiwi tu, inashauriwa. Na kama ukavu na maumivu vinaharibu unyumba, sema, vipo vifaa na vilainishi vya kusaidia. Nimekuandikia pembeni pia.

Kwa wengine wanaosoma: waliogunduliwa mapema, wakakatwa kipande tu cha shingo ya kizazi, hali yao ni tofauti. Wanaweza kushika mimba. Hatari yao ni kujifungua kabla ya wakati, kwa sababu shingo imefupishwa, hivyo inatakiwa ipimwe kwa ultrasaundi mimba ikiwa bado ndogo. Na ambaye bado hajaanza matibabu yoyote, uliza habari za uzazi kabla ya dripu ya kwanza. Dar es Salaam na Nairobi zipo kliniki zinazogandisha mayai, ni ghali. Ipo pia sindano ya goserelini, inayoyalaza mayai wakati wa dripu, ambayo imeonyesha kusaidia wagonjwa wa titi. Dripu ikishaingia, nafasi hiyo inapungua.

BabaPacha_Mwz ameandika:

Swali dogo. Mtoto anaweza kurithi?

MkungaWaBara ameandika:

Burkitt hairithiwi namna hiyo. Saratani nyingi hazirithiwi, na watoto waliozaliwa na mama waliopona, mimba ikiwa imetungwa baada ya dawa kutoka mwilini, hawajaonekana kuwa na kasoro za maumbile zaidi ya watoto wengine. Wanachoweza kupata zaidi ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, ndiyo maana nasisitiza kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kumtunza kichanga.

Zipo chache za kurithi. Mwenye hitilafu kwenye jeni ya BRCA, inayoongeza hatari ya saratani ya titi na ovari, anaipitisha kwa mtoto kwa nafasi moja kati ya mbili. Shuku hilo kama mama, shangazi na dada waliugua titi au ovari wakiwa vijana. Aliyeugua saratani ya jicho utotoni, kama ilikuwa macho yote mawili nafasi ni hiyohiyo, kama ni moja ni ndogo zaidi, na mtoto wake apimwe macho tangu wiki za kwanza. Asisubiriwe mpaka jicho ling'ae jeupe kwenye picha.

Nasra_Mvita ameandika:

Nimerudi. Kitanzi cha shaba nimewekewa. La mwisho: titi lililobaki, nikijaaliwa mtoto, naweza kumnyonyesha?

MkungaWaBara ameandika:

Hongera! Unaweza, na maziwa hayampi mtoto saratani. Titi moja hutosha watoto wengi, mwili huongeza kadiri mtoto anavyonyonya, ila afuatiliwe uzito wake kliniki. Waliofanyiwa upasuaji mdogo na mionzi titi likabaki, lile lililopigwa mionzi hutoa maziwa kidogo au halitoi kabisa, wasilihangaikie. Ukihisi uvimbe wakati una mimba au unanyonyesha, usikubali kuambiwa ni maziwa bila ultrasaundi, ni salama kwa mtoto.

Na ukikosa pumzi ukilala chali, au ukalazimika kuongeza mito usiku, au miguu ikavimba ghafla na moyo kwenda mbio, hiyo ni siku ya kwenda hospitali, usingoje tarehe ya kliniki.

Muda wa kunyonyesha panga na daktari wako wa saratani kabla hujajifungua, maana siku ukirudi kwenye tamoksifeni ndiyo siku ya kumwachisha. Wengine hunyonyesha miezi michache kisha wanarudi kwenye dawa. Mwenye ugonjwa uliokuwa umefika kwenye tezi za kwapa anaweza kuambiwa arudi mapema zaidi, na mimi ningemsikiliza daktari huyo.